Gemu la mezani huisha, la mtandaoni halilali: mzazi aangalie nini?

Wazazi wanaokuja kliniki na kijana anayecheza gemu huniuliza swali lilelile: “Daktari, kwa siku anaruhusiwa saa ngapi?” Wanataka namba, kama tunavyoandika kwenye bahasha ya dawa: kutwa mara tatu. Leo nitalijibu swali hilo. Lakini kwanza, msomaji, nataka ujue mtoto wako anacheza nini, maana neno “gemu” limebeba vitu vingi visivyofanana. Anayecheza mpira kwenye simu kwa dakika kumi na anayeishi katika ufalme wa majoka mpaka alfajiri wote tunasema “wanacheza gemu”. Ushauri wao hauwezi kuwa mmoja.

Wiki hii nazungumzia aina moja tu: michezo ya kuvaa uhusika. Humo mtoto hachezi kama yeye mwenyewe. Huchagua mhusika, awe shujaa mwenye upanga, mganga, mchawi au mwizi, humpa jina, kisha huishi ndani ya hadithi kwa jina hilo. Wapo wanaoicheza mezani, wamekaa pamoja na karatasi, penseli na dadu. Wapo wanaoicheza mtandaoni, kila mmoja kwao, pamoja na maelfu ya watu wasioonana. Hadithi zenyewe hufanana sana. Athari zake kwa afya hazifanani, na ukiijua tofauti hiyo utajua pa kuangalia.

Ilianzia mezani

Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Toleo la kwanza lilikuwa na nakala 1,000 tu. Unachezwa hivi: mtu mmoja anakuwa msimulizi. Wengine, mara nyingi watatu hadi sita, kila mmoja ana mhusika aliyeandikwa kwenye karatasi, pamoja na alama za nguvu zake, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto wake kwa watu. Msimulizi anasema, “Mmefika kwenye daraja bovu, na ng’ambo mnaona moshi. Mnafanya nini?” Wanashauriana, mmoja anaamua, dadu lenye pande 20 linarushwa, na namba inasema kama amefaulu au ameanguka mtoni. Mwisho wa mchezo hakuna mshindi. Kuna hadithi ambayo wote wameitunga.

Kwetu jambo hili si geni kabisa. Bibi aliposema “Paukwa!” nasi tukaitikia “Pakawa!”, tulikuwa tumeshakubaliana kuingia pamoja katika ulimwengu wa kubuni. Walichoongeza Gygax na mwenzake ni kumruhusu msikilizaji amkatize bibi na kuamua Sungura afanye nini.

Hebu uangalie mchezo huo kwa jicho la daktari. Mtoto aliye mezani anasubiri zamu yake. Anamsikiliza mwenzake na kuusoma uso wake. Anajumlisha namba kichwani. Anashindwa mbele ya wenzake, wanacheka, naye anacheka. Mwenye haya anajifunza kusema “hapana, mimi sikubali” kwa kinywa cha mhusika kabla hajaweza kulisema kwa kinywa chake. Matumizi ya maigizo katika tiba ni ya zamani. Daktari Jacob Moreno aliyatumia tangu nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Siku hizi baadhi ya wataalamu wa saikolojia, hasa Marekani, hutumia michezo hii ya mezani katika tiba za vikundi kwa vijana wenye hofu ya kukaa na watu au wenye usonji. Si dawa ya kila kitu, ila inaonyesha kwamba kuvaa uhusika peke yake si ugonjwa.

Na tena mchezo wa mezani una mwisho. Baada ya saa tatu au nne msimulizi amechoka, mmoja anatakiwa nyumbani, mwingine njaa inamuuma. Madaftari yanafungwa na hadithi inasubiri wiki ijayo. Sisi tulio kwenye miaka ya arobaini tunakumbuka kombolela: giza likiingia na mama akiita, mchezo umekwisha, hata kama ulikuwa karibu kushinda.

Hofu iliyokosea mlango

Pamoja na hayo, mchezo huo wa mezani ndio ulioogopwa kwanza. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Michigan, Marekani, alitoweka, na habari zikaenea kwamba amepotelea kwenye mahandaki ya chini ya chuo akiucheza. Alipatikana hai, mbali na hapo. Alikuwa kijana mwenye matatizo mazito ya kihisia ambayo hayakutokana na mchezo. Hata hivyo moto ulikuwa umewashwa. Katika miaka ya 1980 baadhi ya wazazi na viongozi wa dini nchini humo walidai kwamba mchezo huo unafundisha uchawi na kuwasukuma vijana kujiua. Uchunguzi uliofuata haukuthibitisha kwamba mchezo ndio chanzo.

Nakueleza haya kwa sababu hata kwetu mzazi akiona picha ya joka au mchawi kwenye skrini, hushtuka hapo hapo na kuishia hapo. Imani ya nyumba yako ni haki yako, nami siingilii. Ninachosema ni cha kitabibu: picha haikuambii mtoto amelala saa ngapi, amekula nini, wala kwa nini wiki ya tatu sasa hataki kwenda shule. Wakati watu wazima wa Michigan wakimtafuta mchawi, kijana aliyekuwa na huzuni hakuonekana.

Ulimwengu usiozimwa

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika programu iliyowawezesha watu kadhaa kuingia katika ulimwengu mmoja wa kubuni kupitia kompyuta, na Richard Bartle akaiendeleza. Haukuwa na picha, ni maandishi matupu. Mwaka 1999 ukaja EverQuest wenye picha kamili, na wachezaji wenyewe wakaupa jina la utani “EverCrack”, wakiufananisha na dawa ya kulevya. Mwaka 2004 ukatoka World of Warcraft. Kufikia mwaka 2010 ulikuwa na wateja milioni 12 wanaolipa ili kucheza.

Tofauti kati ya michezo hii na ile ya mezani nitaieleza kwa mambo manne.

La kwanza, ulimwengu huo haulali. Mtoto akitoka, wengine wanaendelea, soko linaendelea, vita inaendelea. Kuna kazi za kila siku ambazo ukiziacha leo zimekupita. Hakuna msimulizi anayepiga miayo.

La pili, mtoto hayuko peke yake. Katika miaka ya mwanzo ya World of Warcraft, kuliangusha joka kubwa kulihitaji kikosi cha hadi watu 40, kila mmoja na kazi yake, kwa saa nyingi. Mchezo wa namna hiyo hauna kitufe cha kusimamisha. Unapomwita kijana wako mezani naye anajibu “dakika tano tu, mama”, mara nyingi si kiburi. Akiondoka ghafla anawaangusha wenzake, na kama yeye ndiye mganga wa kikosi, wanakufa wote. Wewe unaona ukaidi, naye anaona unamtaka asaliti wenzake.

La tatu, zawadi hutolewa kwa kubahatisha. Ukimuua mnyama yule huenda ukapata upanga adimu, huenda usipate kitu. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha zamani, kwa panya na njiwa, kwamba mnyama anayepewa chakula bila mpangilio anaotabiri huendelea kubonyeza kwa muda mrefu sana kuliko anayejua kitakuja lini. Mashine za kamari hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Baadhi ya gemu huuza masanduku ya bahati kwa pesa halisi, na mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliyahesabu kuwa kamari isiyo na kibali. Kwa hiyo namba ya siri ya pesa zako za simu ibaki kuwa yako peke yako.

La nne, mezani unawaona walioketi. Mtandaoni, “msichana wa miaka 13” anaweza kuwa mwanamume wa miaka 40. Mtoto ajue mapema kwamba jina kamili, shule, mtaa na picha zake havitolewi kwa mchezaji yeyote, na kwamba mtu akimwambia “tusiwaambie wazazi”, hapo hapo ndipo pa kuwaambia.

Kabla hujaikata waya

Ukiishia hapa unaweza kudhani dawa ni kuikata waya leo hii. Ngoja nikueleze habari ya Mats Steen, kijana wa Norwe ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu iliyotoka mwaka 2024.

Mats alizaliwa na ugonjwa wa Duchenne. Huu ni ugonjwa wa kurithi, ambao karibu wote wanaougua ni wavulana, na hudhoofisha misuli mwaka hadi mwaka: kwanza miguu, kisha mikono, mwishoni pumzi na moyo. Alitumia kiti cha magurudumu, na miaka yake ya mwisho aliipitisha kwa kiasi kikubwa mbele ya kompyuta akicheza World of Warcraft. Wazazi wake walihuzunika wakiamini kwamba mtoto wao hana marafiki na hajawahi kuwa na maana kwa mtu yeyote nje ya nyumba.

Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Baba yake aliandika taarifa ya msiba kwenye ukurasa wa mtandaoni wa marehemu na kuweka anwani ya barua pepe. Barua zikaanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali. Ndani ya mchezo Mats alikuwa Ibelin, mwanamume mwenye nguvu, mkimbiaji, mtu ambaye wenzake walimwendea wenye shida. Baadhi yao walisafiri kuja kumzika. Rafiki yake mmoja, msichana wa Uholanzi, aliponyang’anywa kompyuta na wazazi wake kwa ajili ya masomo, Mats aliwaandikia wazazi hao barua kuwaeleza urafiki ule ulikuwa na maana gani kwa binti yao.

Sisemi kwamba kila kijana anayekesha ni Mats. Mats hakuweza kwenda uwanjani. Wa kwako anaweza. Lakini ona jambo hili: ukihesabu saa peke yake, Mats alikuwa mgonjwa wa gemu kuliko wote. Ukiuliza mchezo ulimpa nini na ulimnyima nini, jibu linageuka kabisa. Na hivyo ndivyo tunavyouliza kliniki.

Lini ni ugonjwa?

Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliidhinisha orodha mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 1, 2022, na ndani yake kuna tatizo la uraibu wa gemu. Tunaangalia dalili tatu zikiwa pamoja. Moja, mtu hawezi kudhibiti: lini aanze, mara ngapi, lini aache. Mbili, mchezo unapewa nafasi ya kwanza mbele ya mambo mengine aliyoyapenda na shughuli za kila siku. Tatu, anaendelea au anaongeza hata baada ya madhara kuonekana. Hali hiyo iwe imeharibu kwa uzito masomo, familia, urafiki au kazi, na kwa kawaida iwe imedumu miezi 12. Hali ikiwa mbaya sana hatusubiri mwaka uishe.

Soma tena orodha hiyo. Hakuna idadi ya saa, wala hakuna joka. Shirika hilo lenyewe linasema wanaopata ugonjwa huu ni sehemu ndogo tu ya wanaocheza. Likizo moja ya kukesha si uraibu.

Mara nyingi pia gemu limefunika kitu kingine: sonona, wasiwasi, kuonewa shuleni, ugumu wa kutulia darasani, ugomvi wa wazazi. Ukiondoa gemu bila kugusa kilicho chini yake, mtoto atatafuta pengine pa kujificha. Matibabu yake makubwa ni tiba ya mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili, pamoja na familia. Hakuna kidonge maalumu cha kuondoa uraibu wa gemu, kwa hiyo anayekuuzia akuepuke.

Nenda hospitali bila kusubiri ikiwa mtoto anazungumzia kufa au kujiumiza, amekuwa mkali hata kupiga watu anapozimiwa, ameacha kula au kuoga, au ameacha shule.

Mwili nao una madai yake

Wa kwanza kuumia ni usingizi. Mwanga wa skrini usiku huchelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku, na vita ya majoka huuweka moyo macho hata baada ya taa kuzimwa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Wapo wanaoambiwa darasani ni wazito wa kuelewa, kumbe wana deni la usingizi.

Macho hukauka kwa sababu anayekodolea skrini hupepesa mara chache. Kila dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Shingo, mgongo na viganja huuma kwa kukaa mkao mmoja. Wengine hubana mkojo na kusahau maji. Na kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji kwa wastani dakika 60 kila siku za kutoka jasho: mpira, kamba, baiskeli, hata kuchota maji.

Sasa, saa ngapi?

Nilikuahidi jibu. Serikali nazo zimejaribu kulitafuta. Korea Kusini iliweka sheria mwaka 2011 kuwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kisha ikaifuta mwanzoni mwa mwaka 2022 na kuwarudishia wazazi jukumu hilo. China mwaka 2021 iliwaruhusu walio chini ya miaka 18 saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Mimi nakupa hesabu badala ya sheria. Chukua karatasi, keti na mtoto wako. Siku ina saa 24. Kijana wa miaka 14 siku ya shule: usingizi 9, shule na safari 9, masomo ya nyumbani 2, kula, kuoga, ibada na kazi za nyumbani 2, mazoezi ya mwili 1. Jumla 23. Imebaki 1. Hiyo ndiyo ya gemu, na si wewe uliyemnyima. Siku ndiyo iliyokwisha. Jumamosi hesabu itatoa zaidi, na apewe bila kununa.

Kisha yafuate haya. Muulize pambano la kikosi huchukua muda gani, mkubaliane lianze saa ngapi ili liishe kabla ya kulala, badala ya kuchomoa waya katikati. Simu na kompyuta zilale sebuleni, na simu yako wewe pia ilale huko. Keti pembeni yake nusu saa akufundishe kucheza. Usivunje kifaa kwa hasira; atakachokumbuka ni hasira, na atacheza kwa jirani ambako humwoni.

Na ulete meza nyumbani. Huhitaji kuagiza chochote ng’ambo. Chukua daftari, penseli na dadu la ludo. Wewe uwe msimulizi. Kila mtoto aandike mhusika wake, uwezo wake mmoja na udhaifu wake mmoja. Waingize kwenye hadithi wanayoijua: Fumo Liyongo anatoroka gerezani, au Sungura amefika kwenye kisima cha Simba. “Mnafanya nini?” Dadu likionyesha 1 au 2, ameshindwa; 3 au 4, amefaulu lakini kuna gharama; 5 au 6, amefaulu vizuri. Saa ya kulala ikifika, funga daftari pale pale hadithi ilipokolea. Kesho watakukumbusha wenyewe.

Utasikia mengi kwenye meza hiyo. Mtoto aliyekaa kimya mwezi mzima anaweza kumfanya mhusika wake aogope kwenda shule, na hapo umepata pa kuanzia.

Leo jioni, kabla hujauliza amecheza saa ngapi, muulize kwanza mhusika wake anaitwa nani.